Kaburi Lililofagiwa

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, keki iliyopambwa kwa kaburi la sukari, na ombi moja. Keki hiyo mume wangu hajaisahau. Mpaka leo kitu chochote kikitoka ofisini kwenu anakigeuza mara mbili kabla hajakitia mdomoni. Ombi lenu lilikuwa niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa kabla ya droni na mashine za miale, nadhani mpate kucheka kidogo wakati wa chai. Nimekubali. Sitasema nani alipanda cheo na nani alirukwa. Hayo mnayajua kuliko mimi. Nitasema habari za mawe, za Maalim Hilal aliyenifundisha kazi, na za kaburi moja la Bawshar ambalo nikipita barabara ile hugeuza uso upande wa pili, hata kama mimi ndiye dereva.

Nilifika Maskati mtoto, mama kanishika mkono, tumetoka Unguja na Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani tu: kusoma nasoma, kuomba chumvi dukani siwezi. Nilipomaliza masomo nikasikia idara ya mambo ya kale inataka mchoraji. Nilidhani nitachora majumba. Hakuna aliyenisahihisha mpaka nilipokwisha kutia sahihi.

Siku ya kwanza nilipokewa na mtu mwembamba, kofia yake iliyoshonwa kwa mkono imekaa wima kama imepigwa pasi kichwani mwake. Huyo ndiye Maalim Hilal. Alikuwa mtu wa Unguja kama sisi, akifundisha hesabu za maumbo huko, na alipokuja Oman alianza kwa kuwashikia wataalamu wa kigeni fimbo za kupimia. Wataalamu walikuja wakaenda, yeye akabaki, na mwisho ikawa wao ndio wanaomwuliza yeye. Aliposikia Kiswahili changu alifurahi, lakini furaha yenyewe haikunisaidia kitu. Aliweka jiwe juu ya meza, akanipa penseli, akaenda zake.

Adhuhuri alirudi akaitazama karatasi yangu.

"Umechora jiwe," akasema.

"Naam, Maalim."

"Mimi sikukwambia uchore jiwe. Nimekwambia uchore hili."

Nikalichora tena mpaka jioni, na kesho yake nikalichora tena. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kazi hii siiwezi, maana mkubwa wangu ana wazimu. Mama akaniuliza wazimu wa kupiga au wa kusema tu? Nikamwambia wa kusema tu. Akaniambia basi nirudi.

Kwa ambao mmezoea kukaa kwenye kiyoyozi mkisubiri picha zishuke kutoka angani, nieleze tulivyofanya. Makaburi yetu yako juu ya migongo ya vilima, mnayajua: mduara wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, ukuta ndani ya ukuta, na katikati kijumba kidogo cha kulaza maiti. Mlango wake ni wa kuingia kwa kutambaa. Yamekuwapo maelfu ya miaka kabla ya dini yetu, kabla ya jina la nchi hii, na wenyeji huyaita rijm, yaani fungu la mawe, kwa sababu mengi yameanguka na ndivyo yanavyoonekana. Sisi tulipanda na ubao wa kuchorea, karatasi ya miraba, timazi, pima maji na utepe wa chuma. Utepe ule ukiachwa juani unakuunguza kiganja, na Maalim alisema pia unarefuka, kwa hiyo tuliufunika kwa kitambaa kama mkate. Penseli ilikuwa ngumu, ile ya kukwaruza, kwani laini inatapakaa jasho likidondoka, na jasho lilidondoka. Mwamvuli nilikuwa nao mmoja na ulikuwa wa kukinga karatasi, si mimi. Mimi ningeweza kuungua, mchoro haukuruhusiwa.

Kila jiwe la ukuta lilichorwa lilivyo, na ufa wake. Kuna watu walituona wajinga. Mkandarasi mmoja karibu na Rusayl, barabara yake ikipita chini ya kilima chetu, alikuwa akipanda kila siku kutuuliza kama tumemaliza. Maalim alimjibu kwa adabu kubwa kwamba waliojenga hawakuwa na haraka na sisi tunawafuata wao.

Sasa niwaambie alichokuwa akikitafuta, maana bila hicho hamtaelewa yaliyofuata.

Kila tulipofungua kaburi, yeye ndiye aliyeingia kwanza. Alivua kofia, akanipa niishike, akajilaza kifudifudi na tochi mkononi akatambaa ndani mpaka tukaona nyayo za viatu vyake tu. Sisi tulisubiri nje. Halafu sauti ilitoka ndani, taratibu, haina hata hasira:

"Tumechelewa."

Kila mara tulichelewa. Kaburi hili lilivunjwa na wezi zamani hizo, jingine watu wa baadaye walisukuma mifupa ya wa kwanza pembeni wakalaza ya kwao. Jingine lilikuwa zizi la mbuzi kwa muda mrefu kiasi kwamba harufu ilitangulia kutupokea. Moja tulikuta ndani chupa ya plastiki ya maji, na Maalim akaamuru niichore, kwa sababu nayo imo.

Nilimwuliza siku moja, tumekaa kwenye kivuli cha pikapu tunakula mkate na jibini, anachokitaka hasa ni nini. Vyungu tulikuwa navyo, shanga tunazo, mifupa ya kuokoteza ilijaa ghala.

"Nnataka kumwona mtu alivyolazwa na jamaa zake," akasema. "Mkono wake uliwekwa wapi. Uso waliuelekeza wapi. Nani kalala na nani. Nyumba zao tunazijua, Asila, chakula chao tunakijua. Walivyoagana hatujui. Mawe hayasemi hilo."

"Na hatujapata hata moja?"

"Moja tu linanitosha. Khalas, nikalale."

Alisema hivyo kwa kicheko, lakini sikucheka. Nilijua ni kweli. Tangu siku ile nami nikawa nalitaka, nikalitaka kwa ajili yake. Kila tulipopanda kilima kipya nilikuwa nasema kimoyomoyo: yarabi, liwe hili.

Mwaka wake wa mwisho kazini walikuwa wamegawa viwanja vipya Bawshar, pembezoni, chini ya vilima. Vila zilikuwa zinaota huko kila ukipita. Asubuhi moja jirani wa kiwanja kimoja alitupigia simu, akasema mafundi wa upande wa pili wamekuta chumba cha mawe chini ya fungu la mawe, na kazi imesimama tangu juzi. Tulikwenda mbio. Kwa Maalim mbio ilikuwa kukubali niendeshe mimi.

Tulikuta katapila limezimwa, mafundi wamekaa kivulini. Fungu la mawe lilikuwa limeondolewa juu, na chini yake, wallahi, ukuta mzima. Maalim alizunguka polepole akaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umezibwa kwa mawe, na mawe yale yalikuwa yameshikana kwa mchanga mkavu uliojaa kila upenyo. Hakuna mkono uliokuwa umeyagusa tangu yapangwe. Wezi hawakufika. Watu wa baadaye hawakufika. Hata mbuzi hawakufika. Aliligusa jiwe la mwisho kwa ncha ya kidole, akanitazama.

Halafu alipanda ukutani kutazama ndani kupitia juu, pale katapila lilipofunua dari. Aliinama muda mrefu. Nilisubiri lile neno lake, na halikuja.

"Asila," akasema, "njoo uone. Limefagiwa."

Nikapanda. Sakafu ilikuwa safi kama uwanja wa nyumba siku ya Idi. Mistari ya fagio la makuti ilionekana kwenye vumbi, imekwenda upande mmoja, vizuri kabisa. Hapakuwa na mfupa. Hapakuwa na kigae. Pembeni kulikuwa na harufu ya udi.

Mwenye kiwanja alifika kabla hatujashuka. Seif, mtu wa makamo, msimamizi wa kiwanda Rusayl, kanzu imemlowa mgongoni. Alianza kuzungumza kabla hajafunga mlango wa gari.

"Maalim, mimi sikuiba kitu. Wallahi l'adhim sikuchukua hata kokoto. Mafundi waliona mifupa juzi, nikampigia mama kumwuliza, ya'ni kumwuliza tu tufanyeje. Akaniambia mtu asikanyage. Akaja na fagio lake."

"Na mifupa iko wapi?"

Seif alitazama chini. "Tumeizika, Maalim. Makaburini. Mama kaitia sanda."

Maalim alishuka ukutani, akavaa kofia yake, akaomba kupelekwa kwa mama huyo.

Mama yake, Bi Raya, alikuwa akikaa kwa Seif, nyumba ya kupanga si mbali na hapo. Mama wa watu alitupokea kama wageni wa harusi: kahawa, tende, kashata, na mito ya kuegemea. Mimi alinishika uso kwa viganja viwili akaniuliza mimi ni wa nani, tulikaa mtaa gani Unguja, na akampata shangazi yangu ndani ya dakika chache, kama kawaida yetu. Juu ya ukingo wa dirisha la jikoni niliona kibakuli kidogo cha jiwe laini, kimechongwa vidoa mviringo, kimefunikwa kifudifudi kukauka. Nilipokitazama, yeye mwenyewe akakileta.

"Hichi chenu? Kilikuwa naye. Nilisahau kukitia, nikakiona tushakwisha. Nimekiosha, mwanangu, kilikuwa kimejaa udongo."

"Umekiosha na nini, Bi Raya?" nikauliza.

"Na sabuni ya vyombo. Maji ya moto."

Ninyi wa maabara mnaelewa kwa nini nilifumba macho. Yale yaliyokuwa yameganda ndani ya kibakuli kile kwa maelfu ya miaka yalikwenda na maji ya karai. Maalim alikipokea kwa mikono miwili akasema ahsante.

Kisha Bi Raya akaeleza, bila kujificha wala kujigamba. Aliingia mwenyewe, akashushwa na Seif kwa ngazi. Aliokota kila kipande kwa mkono, na mchanga akauchekecha kwa chekecheke la unga lisibaki hata jino. Hakuosha, alikhofu mifupa itavunjika; aliipangusa tu. Sanda hakununua. Alikuwa nayo yake, aliyokuja nayo kutoka Makka alipohiji, imechovywa maji ya Zamzam, imekaa sandukuni ikimsubiri yeye. Mnajua wazee wetu walivyo na sanda hizo. Wanazipepea juani kila mwaka, wanazitia udi, na ole wake mtoto atakayezigusa. Aliitoa hiyo.

"Sikumsalia," akasema. "Nnajua hakuwa wa mila yetu, au sijui alikuwa wa mila gani. Hilo nimemwachia mwenyewe Mungu. Lakini kumsitiri nimemsitiri."

"Alikuwa mmoja?" Maalim akauliza.

"Wawili. Mkubwa na mtoto."

Maalim aliweka kikombe chini. Mbele yetu alikuwa ameketi mtu wa pekee duniani aliyewaona kwa karibu walivyolazwa.

"Bi Raya, niambie walivyolala."

Akatuambia. Mkubwa alilala ubavu, magoti ameyakunja, na mtoto yuko kifuani mwake, kichwa chini ya kidevu. Mkono mmoja wa mkubwa ulikuwa juu ya mtoto hivi, na Bi Raya akakunja mkono wake mwenyewe hewani kuonyesha. Shanga zilikuwa shingoni mwa mtoto, si mwa mkubwa. Alisema waliowalaza walikuwa na moyo, maana chini ya kichwa cha mtoto waliweka kijiwe bapa, kama mto.

Nilikuwa nishatoa penseli. Karatasi ilikuwa kwenye paja, nimekwisha kuvuta mstari wa mgongo.

"Weka chini," Maalim akaniambia.

"Maalim, tutasahau."

"Hukuona. Mimi sikuona. Mchoro ukishatoka mkononi mwako haujui kusema kwamba umeambiwa. Weka chini, binti."

Nikaweka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Aliandika katika ripoti mistari michache ya maneno: mkubwa na mtoto, kwa ushahidi wa mtu aliyewaona. Basi. Leo, kwa upande wetu wa ofisi, mimi ndiye niliyebaki, na sikumbuki tena kama mkono ule ulikuwa wa kulia au wa kushoto. Nakaa nakunja wa kwangu hewani, mara huu, mara huu, na sijui. Ninyi mna simu zinazorekodi. Mkimpata mtu kama Bi Raya, rekodini, halafu ndiyo mbishane. Chora kwa nukta, andika chini "kwa kuambiwa" kwa herufi kubwa. Maalim alipatia katika mambo mengi, na katika hili naona alikosea, na namsikitikia kwa kukosea huko kwani aliyepata hasara ni yeye.

Lakini siku ile bado hatukuwa tumekata tamaa. Mifupa ilikuwapo. Kutoka kwenye mifupa tungejua umri, chakula walichokula, kama mkubwa ni mama au baba au mtu mwingine kabisa. Kulikuwa na njia ya kufuata: ombi liende kwa wakubwa, nilibebe mimi mwenyewe mpaka Maskati ya zamani, ruhusa itoke, kaburi lifunguliwe kwa heshima. Maalim alilisema hilo wazi, kwa upole.

Bi Raya alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkiwatoa mtawaweka wapi?"

Maalim angeweza kusema makumbusho. Angeweza kusema mahali pazuri. Nilimwombea aseme hivyo.

"Ghalani," akasema. "Penye baridi. Ndani ya masanduku."

"Pamoja?"

Hapo ndipo palipoharibika kila kitu. Mimi nilikuwa nalijua jibu kwa sababu lebo za masanduku yale nilikuwa nikiziandika mimi.

"La. Kila mmoja na sanduku lake."

"Mtoto mbali na yeye?"

"Ndiyo, Bi Raya. Ndivyo tunavyofanya."

Mama wa watu hakupiga kelele. Alivuta leso akajifuta macho, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetueleza njia ya dukani: "Mimi nimeacha mtoto Unguja. Akiitwa Zamzam. Alikuwa hajaanza chuo. Tulipoondoka tuliondoka tu, sikupata hata kwenda kaburini kumuaga. Nimeambiwa pale pamejengwa. Nani alimtoa, kamtupa wapi, kamsitiri au hakumsitiri, mimi sijui, na ntakufa sijui. Siku ile nimeshuka mle nikamwona huyu mtoto kifuani, nikasema basi, ntamfanyia huyu, na huko aliko wangu huenda mtu kamfanyia. Sasa Maalim, mimi siwezi. Nyinyi mna serikali, mnaweza. Mimi kwa kinywa changu siwezi kusema chukueni."

Hakuna aliyegusa kahawa. Seif alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amekonda ghafla. Mtu yule alikuwa na kiwanja kilichosimama na mama anayelia, na nadhani angempa Maalim chochote.

"Maalim, mimi ndiye nilozika," akasema. "Ukitaka ntakwonyesha. Ni pale upande wa..."

"Seif!" Maalim alinyanyua mkono. Sijapata kumsikia akipaza sauti kabla ya hapo wala baadaye. "Usiniambie. Ukiniambia itabidi niandike."

Akanyanyuka, akamwomba Bi Raya radhi kwa usumbufu, akamshukuru kwa kahawa. Mimi nilikibeba kibakuli.

Ndani ya gari nilishindwa kujizuia. Nilimwambia umesubiri maisha yako yote. Nilimwambia nimekushikia kofia mlango baada ya mlango, nimeungua jua kwa ajili ya hili, na lilipokuja umelifunga kwa mkono wako. Nilikuwa nalia kwa hasira, na barabara sikuwa naiona vizuri.

"Asila," akasema, "tazama barabara."

Karibu na mzunguko alisema tena, kama anayejisemea, "Walilala na mtoto kifuani. Nilijua. Siku zote nilijua itakuwa kitu kama hicho." Halafu akageukia dirishani.

Katika ripoti, pale panapotakiwa kuandikwa mifupa iko wapi, aliandika: hatukuelezwa. Lilikuwa neno la kweli. Wakubwa waliguna, wakapiga simu mbili tatu, halafu kazi nyingine zikaja. Seif alipewa kiwanja kingine. Kaburi lile lilibaki, mlango wake umezibwa hadi leo, na mnaliona: limezungukwa na wavu, katikati ya vila, upande mmoja watu wanaegesha magari. Ukuta wake mimi ndiye niliyeuchora. Ni mchoro wangu mzuri kuliko yote, kila jiwe na ufa wake, na katikati nimeacha peupe.

Maalim alistaafu mwaka ule. Hasira yangu ilikwisha pole pole, ikabaki huruma, na huruma nayo haikunipa raha. Niliendelea kufikiri kwamba pengine ningezungumza mimi na Bi Raya, wanawake wawili, tungepata njia. Masanduku yangeweza kuwa sanduku moja. Hakuna kanuni inayokataza sanduku kubwa! Fikra hiyo ilinijia miaka mingi baadaye nikiwa jikoni nakaanga samaki, na nikazima jiko nikakaa chini. Ilikuwa rahisi hivyo, na hakuna mmoja wetu aliyeiwaza, kwa sababu tulikuwa tumezoea kufanya tunavyofanya.

Kila tulipofungua kaburi jipya, Maalim alinipigia simu. Hakuuliza hali yangu kwanza kama watu. Aliuliza: "Vipi? Tumechelewa?" Nami kila mara nilimjibu ndiyo, Maalim, tumechelewa. Alicheka, akasema haya, mara nyingine inshallah.

Alifariki mwaka huu, muda mfupi baada ya ninyi kunikatia ile keki. Wanawake kwetu hatuendi kuzika, kwa hiyo nilikaa na binti zake ndani, tunasoma, na wanaume wakaondoka naye. Siku za msiba zilipokwisha, simu ikalia. Alikuwa Seif. Sikuitambua sauti mpaka alipotaja kibakuli.

Aliniambia Bi Raya naye alishatangulia, miaka imepita. Alipoletewa sanda nyingine kutoka Makka aliikataa. Alisema yake ilishakwenda, nyingine ataridhika na ya dukani. Nikamwambia Mungu amrehemu. Lakini nilijua hakupiga kwa ajili hiyo.

"Dada Asila, mimi nilikuwa mazikoni kwa Maalim. Nilitangulia asubuhi kwa wachimbaji. Niliwaomba wamchimbie pale. Palikuwa na nafasi ubavuni mwao, yule mkubwa na mtoto."

Nikakaa chini na simu sikioni.

"Mama aliniusia nisiwaambie wenye kuandika," akaendelea. "Wewe umeshastaafu. Huandiki tena. Ndo nikasema nikwambie."

Sasa mnaona naandika, na Mungu anisamehe, lakini sitakuambieni makaburi gani wala upande gani. Mnayajua makaburi ya huku: mawe tu, hayana majina, kila moja kama jenziwe. Mkinikuta njiani msiniulize, maana mkiniuliza nitanyamaza na mtaniona nimekuwa mkali uzeeni.

Nilikwenda asubuhi moja. Mume wangu alibaki garini. Nilifuata maelezo ya Seif mpaka nikaona mafungu mawili, moja bichi, kokoto zake bado hazijakaa, na jingine limeshuka na kusawazika na ardhi. Nilisimama kati yao. Mkono wenyewe ulikwenda kwenye mkoba kutafuta penseli, kwa mazoea, nikaurudisha. Nilitoa salamu kwa wote waliomo, kama inavyopasa. Nililia pia, sioni haya kusema, nililia kwa mkono ule nisioujua kama ni wa kulia au wa kushoto, na kwa mtu aliyelala hatua moja kutoka kwao naye hawezi tena kuwatazama.

Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunisikia, nikamwambia kwa sauti.

"Maalim," nikasema. "Umewahi."